Anayebisha Hodi Katika Simu ya Nyumbani

Ndugu msomaji, asafiriye kwa gari kutoka Kahama kupitia Ushirombo hufika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mahali ambapo njia hugawanyika. Anayekwenda Kakonko, Kibondo na Kigoma hushika njia ya kusini. Anayekwenda Biharamulo mjini, au Ngara na Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, huendelea hadi Lusahunga ndipo achague. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana, na kwa sababu hiyo Nyakanazi ni mahali pa wageni. Pana mama lishe, wauza vocha, mafundi wa magurudumu na nyumba za kulala wageni.

Mgeni aingiapo katika nyumba ya kulala wageni hupewa daftari aandike jina lake, kazi yake, atokako na aendako. Huandika bila kinyongo, maana anajua kwamba daftari ni la nyumba ile, na anamwona kwa macho yake mtu anayelishika. Lakini hebu tufikiri kwamba yuko tajiri mmoja asiyejulikana, ambaye ameweka kijana wake katika kila nyumba ya wageni, kila mgahawa na kila duka la dawa tangu Kahama hadi Rusumo. Vijana hao hawaulizi jina. Mgeni anapopita mara ya kwanza humbandika mgongoni kikaratasi chenye namba. Kila afikapo baadaye, kijana wa mahali pale huisoma namba ile na kuandika: huyu alilala hapa, alikula hiki, aliulizia dawa ile. Jioni madaftari yote hupelekwa kwa tajiri, naye huyauza kwa wafanyabiashara wapendao kujua mgeni huyo anahitaji nini.

Bila shaka mgeni akigundua kikaratasi kile atakasirika, na pengine atakwenda kituo cha polisi. Ajabu ni kwamba jambo hilo, ambalo tusingelivumilia barabarani, hutendeka kila siku katika simu tulizo nazo mifukoni. Aghalabu sisi wenyewe ndio tulioliruhusu, kwa kubonyeza mara moja tu, tukiwa na haraka ya kusoma matokeo ya mpira au bei ya mahindi.

KIKARATASI KINACHOITWA KIDAKUZI

Kikaratasi cha simuni huitwa kidakuzi, na wengine hukiita kuki. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka katika simu au kompyuta ya mtu anayeifungua, ili arudipo itambue kwamba ni yule yule. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, fundi wa programu katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Wakati huo tovuti zilikuwa hazina kumbukumbu. Mtu aliyekuwa akinunua vitu dukani kwa njia ya mtandao angeweza kuchagua kitabu, akafungua ukurasa wa pili, na duka likawa limekwisha kumsahau. Kidakuzi kililipa duka kumbukumbu.

Haifai basi kudhani kwamba kila kidakuzi ni kiovu. Kipo kile kinachokumbuka kwamba umekwisha ingia katika akaunti yako ya benki, na kile kinachokumbuka kwamba umechagua kusoma kwa Kiswahili. Hivi ni sawa na daftari la nyumba ya wageni: ni vya mwenye nyumba, na kazi yake inajulikana.

Taabu iko katika vidakuzi vya mtu wa tatu. Unapofungua ukurasa wa habari, huenda ndani yake mna matangazo na vipande vya programu vya makampuni mengine ambayo hukuyatembelea wala hukuyajua. Kila moja huweza kubandika namba yake. Kwa kuwa kampuni hiyo hiyo ina vipande vyake katika maelfu ya kurasa nyingine, huisoma namba yako huku na huko na kuunganisha: aliyesoma habari za mbolea asubuhi ndiye aliyetafuta ada za shule mchana, na ndiye aliyesoma habari za ugonjwa fulani usiku. Huenda jina lako halikuandikwa popote, lakini namba yako imekwisha eleza mengi kuliko jina.

SIMU MOJA, WATU WATANO

Hapa ndipo suala hili linapoingia nyumbani kwetu. Watu waliobuni mambo haya walifikiri kwamba kila mtu ana simu yake, na kwamba anayebonyeza neno la kukubali ndiye anayekubali kwa nafsi yake. Katika nyumba nyingi za Nyakanazi, na za vijiji vingine vingi vya nchi yetu, simu janja ni moja na watumiaji ni watu watano. Baba huitumia kuuliza bei, mama husoma mafundisho ya uzazi na kilimo, kijana wa sekondari hutafuta mitihani ya zamani, na mdogo wao hucheza michezo. Kwa tovuti, hao wote ni mtu mmoja mwenye namba moja.

Tuchukue mfano. Mama wa nyumba ameona uvimbe katika ziwa lake. Hajamwambia mtu, maana hataki kuitia nyumba hofu kabla ya kwenda hospitali. Usiku, watoto wamelala, anachukua simu ya nyumbani na kusoma kurasa mbili tatu juu ya uvimbe wa maziwa. Katika kila ukurasa linatokea swali la vidakuzi, naye anabonyeza kukubali ili maandishi yafunguke. Asubuhi baba anaifungua simu ile ile asome habari za mpira. Kando ya habari hizo yametokea matangazo ya dawa za saratani, tena za wauzaji wanaojigamba kwamba huponya kwa siku chache. Anatazama, anasitasita, kisha anaita: "Mama watoto, kuna nini ambacho sijaambiwa?"

Mama huyo alikuwa na haki ya kuchagua siku na maneno ya kumweleza mumewe. Haki hiyo imechukuliwa na kampuni isiyomjua, iliyo mbali naye maelfu ya maili. Tena imemletea wauza dawa za uongo katika saa ambayo alihitaji daktari.

Na tutazame upande wa pili. Tuseme mdogo wa nyumba, mwenye miaka tisa, ndiye aliyebonyeza kukubali siku moja kabla, ili mchezo wake ufunguke. Je, ukubali wa mtoto huyo ndio uliomfungulia mtu mlango wa kumfuata mama yake usiku? Kwa mashine jibu ni ndiyo. Kwa desturi zetu, na kwa sheria pia, jambo hilo halikubaliki.

KIMYA SI KARIBU

Mababu zetu walikuwa na utaratibu wa kuingia katika nyumba ya mtu. Mgeni husimama nje na kubisha hodi. Akisikia "karibu" huingia. Asiposikia hurudia, na akibisha mara ya tatu bila kujibiwa hujiendea zake. Hawezi kusema, "Nilibisha, wakanyamaza, basi nikaingia." Wala haitoshi kwamba mlango ulikuwa wazi. Tena mtoto mdogo akijibu karibu, mgeni mwenye adabu huuliza kwanza kama wakubwa wapo. Na aliyekaribishwa sebuleni hajakaribishwa chumbani.

Kanuni hizo hizo ndizo ambazo mabaraza ya sheria ya ulimwengu yamekuwa yakizifikia polepole katika habari ya vidakuzi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga mwongozo wake mwaka 2002, na mwaka 2009 zikaurekebisha ili mwenye tovuti asiweke kidakuzi katika chombo cha mtu pasipo ridhaa yake, isipokuwa vile vya lazima kwa huduma aliyoiomba mtu mwenyewe. Tarehe 25 Mei 2018 ikaanza kutumika sheria yao kubwa ya ulinzi wa taarifa binafsi. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika shauri la kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha tiwa alama ya kukubali kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Kwa maneno ya kwetu, kimya si karibu.

Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayosimamia taarifa binafsi ilitangaza kuitoza kampuni ya Google faini ya euro milioni 150, na Facebook euro milioni 60. Kosa lilikuwa kwamba kukubali kulihitaji kubonyeza mara moja tu, lakini kukataa kulimlazimu mtu kupita vitufe kadhaa. Anayeufanya mlango wa kuingilia kuwa mpana na wa kutokea kuwa mwembamba hawezi kudai kwamba wageni wake wamekaa kwa hiari.

SHERIA YETU WENYEWE

Huenda msomaji akauliza: hayo ni ya Ulaya, je, sisi tuna nini? Tunayo Katiba, ambayo ibara yake ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Ili kuitimiza haki hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ikaundwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vidakuzi peke yake, lakini maneno yake yanavifikia. Taarifa binafsi, kwa mujibu wake, si jina na anuani tu. Ni pamoja na namba au alama yoyote inayomtambulisha mtu. Ile namba iliyobandikwa mgongoni kwa msafiri wetu imo humo.

Mtu anayekusanya taarifa anatakiwa ajiandikishe kwenye Tume. Anatakiwa azikusanye kwa njia halali na ya uwazi, kwa kusudi lililotajwa, zisizozidi mahitaji ya kusudi hilo, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Kabla ya kukusanya, yampasa amjulishe mhusika sababu ya kukusanya na watu watakaozipokea. Mhusika anayo haki ya kuziona taarifa zake, kutaka zisahihishwe, na kumwandikia mkusanyaji aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara.

Kisha ziko taarifa ambazo sheria inaziita nyeti. Humo zimo habari za afya ya mtu, habari za watoto, na miamala ya fedha. Hizo hazichakatwi mpaka mhusika atoe kwanza ridhaa kwa maandishi, na ridhaa hiyo anaweza kuiondoa wakati wowote, bila kutoa maelezo na bila malipo. Mhusika akiwa mtoto, ridhaa hutafutwa kwa mzazi au mlezi. Rudi sasa kwa yule mama na uvimbe wake, na yule mtoto na mchezo wake. Utaona kwamba kidole kilichobonyeza kwa haraka ili ukurasa ufunguke kiko mbali sana na ridhaa ambayo sheria inaitaka.

Adhabu nazo si ndogo. Kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria yaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1 na isiyozidi shilingi bilioni 5.

Sheria hii haikukosa kasoro. Mei 2024, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Tito Magoti, Mahakama Kuu iliamua kwamba baadhi ya vifungu vyake vina maneno mapana yasiyoeleweka vizuri, ikaagiza virekebishwe. Hilo lisitukatishe tamaa. Mwananchi mmoja alipeleka hoja yake mahakamani na akasikilizwa.

Jirani zetu nao wamo katika njia hiyo hiyo. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021, hata dereva anayevuka daraja la Rusumo hutoka chini ya sheria moja ya taarifa binafsi na kuingia chini ya nyingine. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba ridhaa lazima iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyekwisha elezwa. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Zile zilikuwa picha, hazikuwa vidakuzi, lakini funzo ni moja: mzazi asipoulizwa, yuko wa kumuuliza aliyekosa kumuuliza.

MAMBO MAWILI YA KUTAHADHARI

La kwanza ni lugha. Maswali mengi ya vidakuzi huandikwa kwa Kiingereza, tena kile cha wanasheria. Sheria inataka mtu ajulishwe. Je, aliyeandikiwa lugha asiyoisoma amejulishwa? Tovuti inayotaka wateja wa Nyakanazi, ikauza kwa Kiswahili na kutangaza kwa Kiswahili, haina udhuru wa kuomba ridhaa kwa lugha nyingine. Jambo hili yafaa tulidai, tena kwa sauti.

La pili ni kukosa swali. Kurasa nyingi tunazofungua ni mali ya makampuni ya mbali. Baadhi yake huuliza swali pale tu zinapoona kwamba msomaji yuko Ulaya, kwa kuogopa faini za huko. Ukurasa ule ule ukifunguliwa Biharamulo huenda usiulize kitu. Usidhani basi kwamba usipoulizwa hujaandikwa. Huenda mgeni ameingia bila kubisha hodi kabisa.

LA KUFANYA NYUMBANI

Sheria ni ngao, lakini ngao huinuliwa na mkono wa mwenyewe. Yapo mambo ambayo kila nyumba yenye simu janja yaweza kuyafanya leo hii, pasipo gharama.

Kwanza, swali la vidakuzi linapotokea, usikimbilie kitufe chenye rangi kali. Tafuta neno la kukataa, au la kuchagua. Mara nyingi lipo chini, kwa maandishi yaliyofifia. Ukikataa vidakuzi visivyo vya lazima, aghalabu ukurasa utafunguka kama kawaida.

Pili, fungua mipangilio ya kivinjari cha simu yako uzuie vidakuzi vya mtu wa tatu. Hapo hapo pana mahali pa kufuta vilivyokwisha wekwa. Ukifuta utalazimika kuingia upya katika akaunti zako, hivyo hakikisha kwanza kwamba unazikumbuka nywila.

Tatu, mambo ya siri yasomwe katika dirisha la faragha la kivinjari. Ukilifunga dirisha hilo, vidakuzi vyake hufutika, na kumbukumbu ya kurasa ulizosoma haibaki simuni. Lakini fahamu mipaka yake: halikufichi kwa kampuni ya simu wala kwa tovuti yenyewe unayoifungua. Linamhifadhi mtu na macho ya nyumbani na kumpunguzia wafuasi wa njiani. Mama wa mfano wetu angelijua hili, asubuhi ile ingekuwa nyingine.

Nne, watoto wafundishwe kwamba kubonyeza kukubali ni sawa na kumfungulia mgeni mlango. Kama hawafungui mlango wa nyumba pasipo ruhusa ya wakubwa, basi na huo wasiufungue. Michezo yao iwekwe na mzazi mwenyewe, naye asome kinachoombwa. Mchezo wa kupanga matofali unaotaka kujua mahali ulipo una lake jambo.

Tano, familia ikubaliane kwamba matangazo yanayotokea katika simu ya wote si ushahidi juu ya mtu. Baba asimhoji mama, wala mama asimhoji binti, kwa sababu ya picha iliyojitokeza kando ya ukurasa. Matangazo hukosea, na hata yakipatia, siri ya mtu haifunuliwi na mfanyabiashara.

Sita, ukiona umetendewa isivyo haki, mwandikie kwanza mwenye tovuti au programu, umtake aeleze anacho nini juu yako na akifute. Akikataa au akikaa kimya, peleka lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Weka tarehe, na uhifadhi picha ya ukurasa ulivyokuwa.

NA WEWE MWENYE TOVUTI

Siku hizi hata chama cha akiba na mikopo, shule ya binafsi au duka la pembejeo huweza kuwa na tovuti yake. Fundi aliyeitengeneza huenda alitia ndani vipande vya makampuni ya matangazo bila kukueleza. Muulize. Ondoa usivyovihitaji, maana taarifa usiyoikusanya haiwezi kuibwa kwako. Andika swali lako kwa Kiswahili kinachosomeka, na vitufe vya kukubali na kukataa viwe sawa kwa ukubwa na kwa rangi. Mteja aliyeheshimiwa mlangoni hurudi.

Ndugu msomaji, dereva anayelala Nyakanazi leo na kuamkia safari ya Rusumo kesho huacha jina lake katika daftari moja, kwa mkono wake, akijua analiacha kwa nani. Hicho ndicho kiasi cha haki tunachokitaka katika simu. Jioni ya leo, chakula kikiisha, ichukueni simu ya nyumbani mkae pamoja, mfungue mipangilio yake, mtazame ni wageni wangapi wamo ndani ambao hakuna kati yenu anayekumbuka kuwakaribisha.